Uhakiki rasmi: kompyuta inapothibitisha kazi ya kompyuta

Uhakiki rasmi ni kutumia kompyuta kuthibitisha, kwa hoja za kihesabu, kwamba chipu au programu itatimiza masharti iliyowekewa katika kila hali inayoweza kutokea. Majaribio ya kawaida hayafiki huko. Mhandisi huchagua mifano, akaiendesha, akaangalia majibu. Lakini jozi za namba za biti 32 (namba zinazoandikwa kwa tarakimu 32 za 0 na 1) peke yake ni nyingi mno: hata ukijaribu bilioni moja kila sekunde, utahitaji zaidi ya miaka 580 kuzimaliza.

Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely, mwanahisabati wa Lynchburg College, Marekani, alitangaza kwamba chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel inakosea kugawanya. 4,195,835 ukigawa kwa 3,145,727 unapata 1.33382; Pentium ilitoa 1.33374. Ndani ya chipu mlikuwa na jedwali la kusaidia kugawanya, na nafasi tano zilizostahili kuwa na 2 zilikuwa na sifuri. Namba za kuligusa kosa hilo ni chache sana, ndiyo maana majaribio yalilipita. Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya hasara hiyo, na baadaye ikaupa uhakiki rasmi uzito mkubwa.

Njia mojawapo ni ukaguzi wa modeli, iliyowapa Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis Tuzo ya Turing ya 2007, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta. Chukua akaunti yenye shilingi 10,000, yakaingia maombi mawili ya kutoa 8,000 kwa wakati mmoja. Kila ombi husoma salio, huhakikisha linatosha, kisha hukata. La pili likisoma kabla la kwanza halijakata, yote mawili yataona 10,000, na zitatoka 16,000. Unaweza kujaribu mwaka mzima usikutane na mfuatano huo, kwa kuwa unategemea sehemu ndogo mno ya sekunde. Programu ya ukaguzi hupitia kila mfuatano wa hatua. Ukipatikana unaovunja sharti la "kinachotoka kisizidi salio", inakuonyesha hatua kwa hatua jinsi fedha zilivyopotea. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko zote, maana fundi anajua mahali hasa pa kurekebisha.

Shida ni kwamba hali za kupitia huongezeka kwa kasi ya kutisha mfumo unapokua. Hapo wengine huandika uthibitisho kamili, nayo kompyuta huukagua mstari kwa mstari. Ni kazi ya miaka.

Tena kinachothibitishwa ni kile tu kilichoandikwa kwenye masharti. Sharti likisahaulika, hakuna atakayeliuliza. Watafiti wa Australia waliothibitisha seL4, kiini cha mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta) chenye takriban mistari 8,700 ya lugha ya C, mwaka 2009, walitaja wazi waliyoyachukulia kuwa sahihi bila kuyathibitisha: chipu yenyewe, pamoja na programu inayotafsiri C kuwa lugha ya mashine.