Je, wajua? Kwa nini mtu aliyefariki 1951 bado ndiye anayepanga picha ukutani

Jibu lake lilianzia kwenye swali jingine, nililoulizwa na fundi wa picha za Tingatinga pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Alikuwa akimalizia madoa ya chui kwa brashi nyembamba, rangi ya mafuta inanukia kama gereji. Bila kuinua kichwa akasema, "Hivi kaka, tajiri akikusanya picha, halafu nyumba yake ikawa makumbusho ya umma, zile picha zinakuwa za nani?"

Nikamjibu palepale: za serikali. Akaguna, akaendelea na chui wake.

Mguno ule ulikuwa na haki. Kosa langu lakini halikutoka hewani, limejificha ndani ya neno "umma" lenyewe. Sikiliza tunavyolitumia: mali ya umma, shirika la umma, mtumishi wa umma, fedha za umma. Kote humo umma ni serikali iliyovaa kanzu nyingine. Ukienda Mtaa wa Shaaban Robert, Makumbusho ya Taifa ni chombo cha serikali kilichoundwa kwa sheria. Ukienda Kijiji cha Makumbusho kule Kijitonyama, ni hivyohivyo. Kwa hiyo mtu wa Dar akisikia "makumbusho ya umma" anaona Hazina, anaona bajeti, anaona mgeni rasmi. Mimi niliona vyote hivyo. Nilidhani pia kwamba tajiri akishatoa, ametoa: kuanzia hapo wenye nchi wanaweza kuhamisha picha, kuziuza, hata kuzifungia stoo.

Mfano ulionitoa kwenye kosa hilo ni wa Albert Barnes, daktari wa Philadelphia, Marekani. Alitajirika kwa Argyrol, dawa yenye madini ya fedha iliyodondoshewa watoto wachanga machoni ili wasipofuke. Fedha akazigeuza picha: 181 za Renoir, 69 za Cézanne, 59 za Matisse, wote wachoraji wakubwa wa Ufaransa, pamoja na sanamu za mbao kutoka Afrika. Mwaka 1922 aliunda taasisi ya elimu huko Merion, nje kidogo ya mji, na vitu akavipanga kwa mkono wake. Katikati ya picha za bei ya kutisha alitundika bawaba, makomeo na vitasa vya chuma, kwa sababu umbo la bawaba lilimkumbusha mkunjo wa mkono kwenye picha ya jirani. Kisha akaandika masharti: zisiuzwe, zisiazimwe, zisisogezwe.

Sasa ni za nani? Pwani jibu tunalo siku zote, ila hatukuwahi kulihusisha na picha. Ni wakfu.

Chukua nyumba ya Kariakoo yenye fremu nne (za maduka, si za picha). Mzee anaiweka wakfu, kodi iende msikitini. Akifa, watoto hawaigawani kwenye mirathi. Msikiti unakula kodi lakini hauwezi kuiuza nyumba. Mutawalli, yaani msimamizi wa wakfu, anashika funguo, anagombana na wapangaji, anapaka chokaa, naye pia hawezi kuiuza. Zunguka mtaa mzima ukimtafuta mwenye nyumba wa kukusainia mauziano, utarudi na viatu vimeisha soli. Mali imefungwa, faida ndiyo inayotembea.

Kwa Barnes, mutawalli ni bodi ya wadhamini, na kodi ni haki yako ya kuingia kutazama. Hiyo ndiyo sehemu ya umma, na haiendi mbali zaidi. Hata hiyo ilichelewa: taasisi ilikuwa na msamaha wa kodi ya serikali, serikali ya jimbo ikaenda mahakamani kuuliza umma unafaidi nini, na mlango ukafunguliwa 1961, miaka 10 baada ya Barnes kufa kwa ajali ya gari. Haki ya kuteua wajumbe wa bodi alikuwa ameiachia Chuo Kikuu cha Lincoln, chuo cha Wamarekani weusi alikosoma Kwame Nkrumah, yuleyule ambaye Ukumbi wa Nkrumah pale Mlimani unabeba jina lake.

Mfano wa wakfu una mpaka wake, nisiuvute mpaka ukatike. Wakfu ni ibada. Hati ya Barnes ilikuwa ya kisheria tu. Tena kuna mahali jibu langu la kwanza lingepita: picha za familia ya Wallace, London, ziliachiwa taifa la Uingereza na Lady Wallace 1897, na kweli ni mali ya taifa. Lakini hata huko marehemu alifunga mlango. Lady Wallace alitaka mkusanyiko usichanganywe na vitu vingine, na hadi 2019 haukuazimisha kitu.

Barnes alifunga kwa nguvu zaidi, na fedha zikaisha kabla ya masharti. Taasisi ilipokaribia kufilisika iliomba ruhusa ya kuhamia katikati ya Philadelphia. Jaji akakubali 2004, na wapinzani wakalia kwamba wosia umevunjwa. Jengo jipya likafunguliwa 2012, na ndani yake wakajenga upya vyumba vilevile, vipimo vilevile, kuta zimevikwa kitambaa kama cha gunia, kila bawaba pembeni ya picha yake. Nyumba imehama, ukuta haujahama. Mwaka 2023 kamba ililegezwa tena kidogo, picha chache zikaruhusiwa kuazimwa.

Mahakama iliyoruhusu kuhama huko na kuazima huko ina jina lililonifurahisha kuliko picha zenyewe. Huko Pennsylvania, kesi za wosia na mali za namna hii husikilizwa na Mahakama ya Mayatima.