Harufu ya Samaki Chini ya Kabati

Hajati mmoja wa hapa Walukuba, Jinja, alinipigia simu jioni. "Mwanangu, jikoni kwangu kunanuka samaki, na leo nimepika maharage."

Mji wetu uko kando ya ziwa, jikoni kunuka mukene, yaani dagaa, si habari. Lakini fundi wa umeme aliyekaa na kazi anaijua harufu hiyo: baadhi ya plastiki ngumu za soketi na viunganishi, zikichemka kupita kiasi, hunuka kama samaki. Nikamwambia, "Hajati, zima swichi kuu kwanza. Nakuja."

Alikuwa amewekewa mkanda wa taa za LED chini ya makabati ya ukutani, mita 5 za volti 12, unaozunguka kona moja. Kona yenyewe iko sentimita 40 tu kutoka mwanzo wa mkanda. Fundi aliyetangulia hakuchomelea kwa risasi pale. Alibana kile kiklipu cha plastiki chenye meno mawili. Nilipokifungua kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya mkandaa. Jino moja lilikuwa limekamata shaba vizuri, la pili limeigusa pembeni tu, na shaba chini yake imekuwa nyeusi.

"Lakini aliniambia ni volti 12, hata mtoto akishika hadhuriki," Hajati akasema.

Kushika, ni kweli. Kwa kuungua, hapana. Mkanda wake ulikuwa wa wati 14.4 kwa mita, kwa hiyo mita 5 ni wati 72. Kwa umeme wa ukutani, volti 240, wati hizo ni ampea 0.3 tu. Kwa volti 12 zinakuwa ampea 6, mara 20 zaidi, na karibu zote zilikuwa zinapita kwenye jino lile lililokosea. Joto la kiungo halipandi sawasawa na mkondo, linapanda kwa mraba wake. Kiungo kibovu kilekile kikipitisha mkondo mara 20, joto lake ni mara 400. Na usingoje fyuzi ikuokoe. Fyuzi inaangalia mkondo, na kiungo kilicholegea hakiongezi mkondo hata kidogo. Kinapika kimyakimya huku fyuzi imetulia.

Ndiyo maana kona zote nazichomelea kwa vipande vifupi vya waya na kuzivika mpira wa kusinyaa. Viklipu navitumia nikijaribu taa mezani, basi.

Kuna mkanda mwingine ambao shida yake ni kinyume cha hii: ule mnene wenye ganda la plastiki, unaokatwa kwenye rola kubwa dukani na kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Watu wanaupenda kwa sababu ni rahisi na hautaki kiboksi cha kushusha umeme. Kile kikopo kidogo kwenye waya wake kinaugeuza tu umeme uende upande mmoja. Hakiupunguzi, na ncha uliyoikata ni hatari kama waya wa ukutani ulioachwa wazi. Juu ya ukuta wa nje, mbali na mikono, sina ugomvi nao. Chini ya kabati juu ya sinki, mahali mtu anapofuta mvuke kwa kitambaa kibichi, siuweki hata nikilipwa maradufu.

Kwa Hajati nilihamia mkanda mwingine, wa volti 24. Wati zilezile 72 sasa ni ampea 3, nusu ya mwanzo, na hata waya unapumua. Waya wa milimita 1 ya mraba kwa umbali wa mita 5, kwenda na kurudi, una ukinzani wa kama omu 0.17. Ampea 6 zingepoteza humo volti 1 nzima kati ya 12. Ampea 3 zinapoteza nusu volti kati ya 24, na jicho halioni tofauti.

Kiboksi (mafundi tunakiita transfoma, ingawa ndani ni saketi ya elektroniki) nilinunua cha wati 100, maana kikibebeshwa mpaka ukingoni kinachemka na kufa mapema. Nilikiweka ndani ya kabati la pembeni, mbali na jiko la gesi, kikiwa na nafasi ya hewa kila upande. Cha zamani kilikuwa kimelala juu ya kabati, kimefunikwa na magazeti. Plagi ya kiboksi kipya nikaitoa fyuzi ya ampea 13 na kuweka ya 3, kwa sababu waya mwembamba haulindwi na fyuzi inayostahili pasi. Mkanda wenyewe nikaubandika kwenye reli ya alumini, ambayo inavuta joto, na kifuniko chake kinazuia mafuta ya kukaangia. Gundi peke yake kwenye mbao za jikoni haidumu. Kazi ya soketi mpya au ya kugusa kisanduku cha fyuzi mpe fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, hata kama binamu yako anasema anajua.

Hajati alitaka nipitishe mkanda hadi juu ya jiko. Nikakataa, mvuke na joto pale vingeumaliza upesi.

Kisha nikawasha na kuacha saa nzima. Ndipo nikapitisha kidole kwenye kila kiungo cha upande wa volti 24. Kiungo kizima kinakuwa vuguvugu sawa na mkanda uliopo jirani yake. Cha kona kilikuwa hivyo. Cha karibu na kiboksi kilizidi kidogo, nikazima, nikakifungua na kukichomelea upya.