Helmeti haizuii ubongo kutikisika

Wengi wanaotazama futiboli ya Marekani huamini kuwa mchezaji aliyevaa helmeti anaweza kugonga kwa kichwa bila wasiwasi. Si kweli. Helmeti hulinda fuvu lisipasuke, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Lakini ubongo umeelea kwenye majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla, wenyewe huendelea kwenda, hata kama helmeti haikupata mkwaruzo.

Halafu kuna shingo. Mchezaji akiinamisha kichwa ili amvae mpinzani kwa utosi, shingo hunyooka, na nguvu yote ya mgongano hushukia pingili zake. Ndiyo maana mwaka 1976 kugonga hivyo kulipigwa marufuku vyuoni na katika shule za sekondari, na visa vya kupooza vikapungua sana. Tangu 2013, mchezaji wa chuo anayemlenga mwenzake kichwani hutolewa mchezoni. NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huu, nayo iliongeza kanuni yake mwaka 2018.

Mashabiki wengine hulalamika kwamba mchezo unalegezwa. Mimi naona kinyume chake: kumwangusha mtu kwa bega, kichwa kikiwa pembeni na macho yakitazama mbele, kunahitaji ufundi zaidi kuliko kujirusha tu.