Monopsoni: mnunuzi mmoja mbele ya wachapishaji wengi

Ukiritimba ni neno tulilolizoea. Muuzaji mmoja analihodhi soko, anapanga bei apendavyo, na mnunuzi asiye na pengine pa kwenda analipa huku akinung'unika. Hali iliyo kinyume chake, ambapo wauzaji ni wengi lakini mnunuzi mwenye uzito ni mmoja, haizungumzwi sana, na hata jina lake kwa Kiswahili halijatulia. Unaweza kuiita ukiritimba wa mnunuzi. Hapa nitaiita monopsoni, kwa sababu ni fupi na kwa sababu asili ya neno hilo inapendeza. Lilitumiwa kwa mara ya kwanza na mwanauchumi Joan Robinson wa Cambridge mwaka 1933, baada ya kusaidiwa na mtaalamu wa lugha za kale, Bertrand Hallward, kulitafuta katika Kigiriki. Wagiriki wa kale waliita *opson* kile sisi tunachokiita kitoweo, yaani kinacholiwa pamoja na mkate, hasa samaki. Kwa hiyo ndani ya neno monopsoni yumo mtu mmoja aliyeshuka sokoni kununua samaki, na wavuvi wote wanamtazama yeye.

Kwa maana kali ya vitabuni, monopsoni ni soko lenye mnunuzi mmoja tu, jambo ambalo hutokea kwa nadra. Wanauchumi hulitumia neno hilo kwa upana zaidi, kueleza uwezo wa mnunuzi wa kushusha anacholipa chini ya kile ambacho ushindani ungemlazimisha alipe, bila kuogopa kwamba wauzaji watamkimbia. Mkulima wa miwa anayeishi karibu na kiwanda kimoja cha sukari anaielewa hali hii bila kufundishwa na mtu. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari yake, nao ni mzito, haubebeki mamia ya kilomita kwenda kutafuta bei nzuri. Kwa hiyo mzani ni wa kiwanda, ratiba ya kuvuna ni ya kiwanda, na siku ya malipo ni ya kiwanda. Ramani inaweza kuonyesha viwanda vitano nchini, lakini kwa mkulima huyo kilichopo ni kimoja. Kipimo cha monopsoni, basi, ni njia ya kutokea: muuzaji akikataa masharti leo, kesho mzigo wake ataupeleka wapi, na kwa hasara gani?

Mfano ulio wazi zaidi wa siku zetu hauko shambani. Uko katika biashara ya vitabu ya Marekani, ambako maelfu ya wachapishaji wadogo wanaitegemea kampuni ya Amazon, ambayo kwa msomaji ni muuzaji lakini kwao ndiyo mnunuzi. (Nasema wachapishaji kwa maana ya wanaochagua muswada, kuuhariri na kubeba gharama za kuutoa, si wapiga chapa wenye mitambo, watu wengi huwachanganya.) Kampuni hiyo iliasisiwa na Jeff Bezos mwaka 1994 na ikafungua duka lake la intaneti mwaka 1995, ikianza na vitabu. Haki ni kusema kwamba wachapishaji wadogo waliipokea kwa furaha. Wakati huo waliowatia hofu walikuwa wenye maduka makubwa ya mnyororo, yaani yenye matawi mengi, Barnes & Noble na Borders, ambayo rafu zake zilikuwa na mwisho, na kitabu cha mashairi kutoka kwa mchapishaji mwenye wafanyakazi watatu hakikupata nafasi hapo kirahisi. Rafu ya Amazon haikuwa na mwisho. Kitabu cha miaka kumi iliyopita kiliweza kununuliwa na msomaji wa kijijini kwa siku ileile kama kilichotoka jana. Utegemezi ulianzia hapo, katika huduma nzuri, na ndiyo sababu haukuonekana mapema. Borders ilipofunga maduka yake mwaka 2011, na maduka mengi huru yakiwa yameshatoweka kabla yake, wachapishaji waligeuka nyuma wakakuta milango mingine imepungua. Leo inakadiriwa kwamba karibu nusu ya vitabu vya karatasi vinavyonunuliwa Marekani hupitia kampuni hiyo moja, na katika vitabu vya kielektroniki, tangu ilipotoa kifaa cha kusomea cha Kindle mwaka 2007, sehemu yake ni kubwa zaidi.

Tuangalie hesabu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo dhana inapogeuka kuwa unga na mafuta. Chukulia kitabu chenye bei ya jalada, yaani bei iliyochapwa juu yake, ya dola 20. Katika mpango ambao Amazon iliwawekea wachapishaji wadogo kwa miaka mingi, punguzo la duka lilikuwa asilimia 55, maana yake dola 11 zinabaki kwa Amazon na dola 9 zinamrudia mchapishaji. Katika hizo 9, tuseme dola 3 ni za kiwandani, dola 2 ni za mwandishi, na dola 1 ni ya kusafirisha nakala hadi ghalani, gharama ambayo ni ya mchapishaji pia. Zimebaki 3. Hizo ndizo za mhariri, msanifu wa jalada, pango la ofisi na chakula cha mwenye kampuni. Sasa Amazon inaomba nyongeza ya asilimia 5 tu ya bei ya jalada. Inasikika kama jambo dogo, lakini ni dola nzima, nayo inatoka katika zile 3. Theluthi ya kila kitu mchapishaji alichobakiwa nacho imeondoka kwa barua pepe moja. Ongeza hapo kwamba vitabu huchukuliwa mali kauli, hulipwa vikishauzwa, na visivyouzwa hurudishwa, wakati mwingine vikiwa na kona zilizopondeka. Ongeza pia fedha za kutangaza kitabu ndani ya duka lenyewe, ambazo wachapishaji wameombwa kuzilipa kama asilimia ya mauzo yao. Hakuna lolote kati ya hayo lililo kinyume cha sheria, na mengine, kama kurudisha vitabu, ni desturi ya biashara ya Marekani iliyoanza tangu mdororo mkuu wa miaka ya 1930. Uzito wake unatokana na ukweli kwamba anayeulizwa hana jibu la pili.

Mwaka 2004 mchapishaji mdogo wa Marekani, Melville House, alijaribu kuwa na jibu la pili. Mmoja wa waasisi wake, Dennis Johnson, alikataa malipo ya ziada aliyoombwa na akalalamika hadharani. Muda mfupi baadaye vitufe vya kununulia vikatoweka kwenye kurasa za vitabu vyake: kitabu kinaonekana, jina lipo, picha ya jalada ipo, ila hakinunuliki. Johnson alilipa. Kinachostahili kuangaliwa kwa makini katika kisa hiki ni kwamba, kwa maelezo yaliyotolewa baadaye, Amazon ilikuwa na karibu asilimia 8 tu ya mauzo ya Melville House. Mtu angedhani asilimia 8 inaweza kuachwa, lakini mfanyabiashara ambaye faida yake yote ni asilimia tatu au nne hawezi kuiacha. Ndiyo maana wanauchumi huonya kwamba nguvu ya mnunuzi huanza kuuma ikiwa na sehemu ndogo ya soko kuliko nguvu ya muuzaji.

Mwandishi wa habari Brad Stone aliripoti mwaka 2013 kwamba katika miaka hiyo ndani ya kampuni kulikuwa na mpango ulioitwa wa Swala, kwa sababu Bezos alikuwa amesema wachapishaji wadogo wafuatwe kama duma anavyomfuata swala mgonjwa. Wanasheria wa kampuni waliusikia, wakaupa jina la heshima zaidi. Sisi tuliokulia karibu na Serengeti hatuhitaji kufafanuliwa kwa nini duma humchagua mgonjwa: si kwa chuki, ni kwa hesabu ya mbio. Mchapishaji anayeitegemea Amazon zaidi ndiye anayeombwa masharti magumu zaidi.

Kitufe kilichozimwa kiliendelea kuwa silaha kuu. Mwaka 2008 wachapishaji wanaotoa nakala moja moja kulingana na oda waliambiwa kwamba ili vitabu vyao viuzwe moja kwa moja na Amazon, vichapwe na kampuni ya Amazon yenyewe, BookSurge. Mmoja wao, BookLocker wa jimbo la Maine, alikwenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa suluhu mwaka 2010, lakini ni wachache wenye ubavu wa kuajiri wakili kupambana na mteja wao mkubwa. Februari 2012 msambazaji wa wachapishaji huru wa Chicago, Independent Publishers Group, alikataa masharti mapya ya mkataba. Zaidi ya vitabu 4,000 vya kielektroniki viliondolewa dukani, vikarudi baada ya miezi kadhaa. Miaka miwili baadaye yaliwapata hata wakubwa: Hachette ilipogombana na Amazon juu ya bei mwaka 2014, vitabu vyake vilianza kuchelewa kwa majuma, na waandishi zaidi ya 900 wakatia sahihi barua ya wazi ya kulalamika. Hachette ilivumilia miezi sita hadi kupata mkataba. Mchapishaji mdogo havumilii miezi sita, hata mitatu ni mingi.

Msomaji anaweza kuuliza serikali ilikuwa wapi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, mahakama za Marekani zimezoea kuupima ushindani kwa kipimo kimoja, yaani bei anayolipa mlaji wa mwisho. Kwa kipimo hicho monopsoni haionekani, kwa kuwa mnunuzi mwenye nguvu mara nyingi humuuzia mlaji kwa bei nafuu; anayebanwa yuko nyuma ya duka, si mbele yake. Tena sheria ileile inawafunga mikono waliobanwa. Wachapishaji wakikaa chumba kimoja na kukubaliana kwamba hakuna atakayetoa punguzo zaidi ya kiasi fulani, wametenda kosa la kula njama, na jambo hilo si la kufikirika, kwani mwaka 2012 Wizara ya Sheria iliwashtaki wachapishaji watano wakubwa pamoja na Apple kwa kupatana juu ya bei za vitabu vya kielektroniki, ambazo walitaka zisiamuliwe na Amazon. Wakulima wa Marekani waliondolewa katika katazo hili tangu mwaka 1922, kwa sheria ya Capper-Volstead inayowaruhusu kuuza mazao yao kwa pamoja. Mkulima wa korosho wa Mtwara anayeuza kupitia chama chake cha msingi anafanya jambo ambalo mchapishaji wa Brooklyn akilifanya na wenzake ataitwa mahakamani. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye fundo la suala zima, kwani ushirika ndiyo dawa ya zamani kabisa ya mnunuzi mmoja, na wachapishaji wamenyimwa.

Neno monopsoni lenyewe lilipata heshima mahakamani Oktoba 2022, Jaji Florence Pan wa Marekani alipomzuia mchapishaji mkubwa Penguin Random House asimnunue mwenzake Simon & Schuster kwa zaidi ya dola bilioni 2, akikubali hoja kwamba wanunuzi wa miswada wangepungua na malipo ya waandishi yangeshuka. Yaani mchapishaji anayelia mbele ya Amazon anaweza kuwa yeye ndiye mnunuzi mwenye nguvu mbele ya mwandishi.

Ufaransa ilichagua njia nyingine. Sheria ya mwaka 1981, inayofahamika kwa jina la waziri Jack Lang, inamwachia mchapishaji kupanga bei ya kitabu na kumzuia muuzaji yeyote kupunguza zaidi ya asilimia 5. Amazon ilipoanza kusafirisha vitabu bure, Bunge likapiga marufuku kuchanganya punguzo na usafirishaji wa bure. Kampuni ikatoza senti moja ya usafiri. Tangu Oktoba 2023 oda ya vitabu vipya isiyofika euro 35 ni lazima ilipiwe usafiri wa angalau euro 3. Sheria hizi hazigusi moja kwa moja punguzo ambalo muuzaji anamdai mchapishaji, lakini zinaacha maduka mengine yakiwa hai, na duka jingine lililo hai ndiyo njia ya kutokea tuliyoitaja mwanzoni.

Kwetu Afrika Mashariki mnunuzi mkubwa wa vitabu ana sura tofauti. Kwa kuwa soko letu ni la vitabu vya shule, mwenye nguvu ni serikali. Nchini Kenya, tangu mwaka 2018 vitabu vya kiada vimekuwa vikinunuliwa na serikali moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji walioshinda zabuni na kupelekwa shuleni bila kupitia kwa wenye maduka. Mchapishaji aliyekosa zabuni hana soko kubwa la pili la kitabu hicho, na aliyeipata anasubiri malipo kwa ratiba ya Hazina. Ni monopsoni kwa maana iliyo karibu zaidi na ile kali kuliko ya Amazon, ingawa nia yake, kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi, ni tofauti kabisa.

Tukirudi Marekani, wapo waliotoka mikononi mwa Amazon. Mwaka 2012 Educational Development Corporation ya Oklahoma, inayouza vitabu vya watoto, iliacha kuiuzia Amazon kabisa, na ikamudu kwa sababu ilikuwa na mtandao wake wa watu wanaouza vitabu majumbani. Wengine wanauza kwenye tovuti zao, au kupitia Bookshop.org, iliyoanzishwa mwaka 2020 ili sehemu ya faida iende kwa maduka huru. Lakini njia hizo nazo huziba. Machi 2024 msambazaji Small Press Distribution wa California, aliyekuwa akiwahudumia wachapishaji wadogo wapatao 400 na aliyekuwapo tangu mwaka 1969, alifunga milango ghafla, fedha za wengi wao zikiwa hazijalipwa na vitabu vyao vikiwa katika maghala ya watu wengine. Katika majuma yaliyofuata walikuwa wakiuliziana nani ana lori, nani ana chumba kikavu cha kuweka maboksi, na ni msambazaji gani bado anapokea wateja wapya.