Vijiji vya vilimani Ufaransa: yanayosemwa na yalivyo

Picha ya Gordes, kijiji cha Provence kusini mwa Ufaransa, inayozunguka mitandaoni ni ile ile kila mwaka: nyumba za mawe zimepandana kilimani, kasri juu kabisa, na chini bonde la Luberon limetanda kijani. Anayeiona akiwa Dar es Salaam au Mombasa hujijengea kijiji kizima kichwani, kisha akifika hukuta kingine. Picha haidanganyi. Ila haisemi kijiji kilifikaje pale juu, wala basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

"Walijenga juu ili wapate mandhari"

Mkulima wa karne ya 11 mandhari yangemsaidia nini? Kukaa juu kulikuwa adha tupu. Mto uko bondeni, shamba liko bondeni, na kila mzigo wa kuni na gunia la ngano hupandishwa kwa mgongo wa mtu au wa punda. Watu walipanda kwa hofu. Katika karne ya 10 Provence ilisumbuliwa na wavamizi waliokuwa na ngome yao Fraxinetum, si mbali na pwani. Walipofukuzwa, wakabaki makabaila wa hapo hapo wakipigana wao kwa wao, kila mmoja akitaka watu wake wakae chini ya ngome yake, mahali anapoweza kuwalinda na kuwatoza ushuru bila kuwatafuta. Na udongo mzuri ulikuwa wa ngano na mizabibu. Nyumba ingekaa mwambani.

Ukifika, angalia nyumba za ukingoni. Zimegeuzia nje migongo yake, madirisha madogo, na kuta zake ndizo boma. Vichochoro ni vyembamba na vimepinda kama vya Lamu, na kule Luberon kupinda huko kunaukata upepo wa mistral, ambao ukiamua kuvuma utakutoa machozi hata jua likiwa kali.

"Vimebaki vilivyokuwa tangu enzi hizo"

Hapa ndipo wengi tunapokosea zaidi. Karne ya 19 ilivipiga vijiji hivi vibaya: miaka ya 1850 ugonjwa ulimaliza viwavi wa hariri, na kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera akaanza kuua mizabibu. Reli ilipita bondeni, na riziki ikaifuata huko. Halafu ikaja vita ya 1914. Karibu kila kijiji kina mnara wa waliokufa. Simama usome majina, na mara nyingi utaona jina moja la ukoo limerudiwa mara mbili au tatu, katika kijiji cha watu mia kadhaa.

Oppède-le-Vieux ilihamwa karibu yote, wenyeji wakaenda kuishi chini. Hadi leo unakuta nyumba iliyokarabatiwa, mlango wake umepakwa rangi vizuri, na jirani yake haina paa. Gordes yenyewe sehemu yake ililipuliwa na wanajeshi wa Kijerumani Agosti 1944, kwa hiyo baadhi ya kuta zinazopigwa picha kwa bidii hivyo ni kazi ya mafundi wa baada ya vita. Wasanii na watu wa mijini walianza kununua magofu, wakayasimamisha upya. Kwa maoni yangu, kilichookoa uzuri huu ni umaskini: kijiji kisicho na fedha hakibomoi cha zamani ili kijenge kipya.

Hata majina yametengenezwa. Cordes, kule Tarn, kusini-magharibi mwa nchi, ilianzishwa mwaka 1222 na Raymond VII, mtawala wa Toulouse, wakati wa vita dhidi ya Wakathari, Wakristo ambao Kanisa liliwaita wazushi. Lakini "Cordes-sur-Ciel", jina linalosikika kama la hadithi za kale, lilianza kutumika rasmi mwaka 1993.

Dhana nyingine ya aina hii ni ya bories, vile vibanda vya mawe vilivyo nje kidogo ya Gordes. Utaambiwa ni vya watu wa kabla ya historia. Vingi ni vya kati ya karne ya 17 na ya 19. Mkulima akisafisha shamba alibaki na chungu za mawe bapa, akayapanga bila chokaa wala tope, kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko ya chini yake hadi zikakutana juu. Chungulia ukutani utaona mawe yameinamishwa kidogo upande wa nje, ili maji ya mvua yasiingie ndani. Miongoni mwa vibanda hivyo kuna zizi na kuna tanuri la mkate.

"Serikali imevipanga kwa uzuri"

Ile alama ya Les Plus Beaux Villages de France, yaani "Vijiji Vizuri Zaidi vya Ufaransa", si ya serikali. Ni ya chama kilichoanzishwa mwaka 1982 na Charles Ceyrac, meya wa Collonges-la-Rouge. Kijiji kinaomba chenyewe baada ya madiwani kupiga kura, kinalipa ada, kisizidi wakazi 2,000, na kiwe na angalau majengo au maeneo mawili yanayolindwa kisheria. Kinaweza pia kuondolewa. Hivyo kijiji kizuri ambacho hakikuomba hakimo, na Ufaransa ina wilaya ndogo za meya karibu 35,000. Alama ni msaada, usiifanye msahafu.

"Lavenda ipo mwaka mzima"

Haipo. Maua yale ya zambarau mbele ya abasia ya Sénanque, iliyoanzishwa 1148 na ambamo watawa wanaishi hadi sasa, hupendeza kuanzia mwisho wa Juni hadi katikati ya Julai. Kisha huvunwa. Ukienda Septemba utakuta mistari ya vichaka vilivyonyolewa. Kijiji cha Roussillon, kwa upande wake, hakina msimu, kwa sababu rangi yake ni ya udongo wenyewe, mwekundu na manjano. Njia ya kupita kwenye machimbo ya zamani ina vumbi linaloganda kwenye viatu na nguo. Kanzu nyeupe iache hotelini.

"Treni za Ufaransa zinafika kila mahali"

Kutoka Paris hadi Avignon ni chini ya saa tatu, jambo linalomfanya mtu aamini kilichobaki ni kidogo. Kilichobaki ndicho kigumu. Stesheni ya Cordes-Vindrac iko bondeni, kilomita kadhaa kutoka kijijini; ya Rocamadour-Padirac nayo iko kilomita kadhaa kutoka kijiji cha Rocamadour. Luberon ina mabasi, lakini ni machache, na Jumapili au majira ya baridi hupungua zaidi. Mwenye mzee wa magoti mabovu au kigari cha mtoto ajue pia kwamba juu hakuna tambarare: ni ngazi na kokoto.

Wengi hufika saa tano asubuhi, saa ambayo mabasi ya watalii hushusha watu. Julai jua huzama baada ya saa tatu usiku (ndiyo, na Magharibi huswaliwa wakati huo), kwa hiyo anayelala jirani akipanda saa kumi na mbili jioni ana saa tatu nzima za mwanga, na wengi wameshaondoka.

"Nitakula nikisikia njaa"

Utalala njaa. Chakula cha mchana ni kati ya saa sita na saa nane. Ukiingia saa nane na nusu utaambiwa jiko limefungwa. Jioni ni kuanzia saa moja hivi. Soko la Gordes ni Jumanne asubuhi, la Apt Jumamosi, na mchana meza zinakunjwa. Omba *une carafe d'eau*, maji ya bomba ambayo mgahawa hauruhusiwi kuyatoza kwa anayekula. Asiyekula nguruwe aulize kabla, kwani vipande vyake, *lardons*, huingizwa hata kwenye saladi. Na kabla ya swali lolote anza na *bonjour*. Wanaosema watu wa huko ni wakali mara nyingi ni wale walioingia dukani wakaanza kuuliza bei bila salamu, kosa ambalo hata kwetu lingewaponza.

"Viza nitaipata tu, na leseni yangu inatosha"

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen: ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Ukifikia kwa ndugu badala ya hotelini, yeye ndiye anayekwenda ofisi ya meya wake kuomba hati ya mwaliko, *attestation d'accueil*, na ianze kushughulikiwa mapema. Leseni ya nyumbani iambatane na tafsiri ya Kifaransa au kibali cha kimataifa cha udereva. Ukikodi gari, chagua dogo. Maegesho yako nje ya kijiji, mengi ni ya kulipia, na vichochoro havikupimwa kwa magari makubwa.