Kwa nini Dar es Salaam bado ina Uzunguni, Uhindini na Uswahilini?

Mtu akianzia safari yake karibu na Ikulu ya Magogoni, akafuata Mtaa wa Samora, akakata kuingia Kisutu, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na kutokea Kariakoo, hatamaliza hata saa moja njiani, lakini atakuwa amepita katika miji mitatu. Kwanza atakuta majengo ya serikali yaliyoachiana nafasi, yenye bustani na miti mikubwa ya kivuli. Baadaye atakuta maghorofa yaliyobanana, chini duka na juu makazi. Kisha atavuka uwazi wa nyasi na miti, na mwisho ataingia katika mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, iliyojaa watu na bidhaa. Wakazi wa Dar es Salaam wana majina ya sehemu hizo tangu zamani: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Utawala uliowatenga watu kwa namna hiyo uliondoka mwaka 1961, wengi wa waliokaa humo wakati ule hawapo tena, na majengo mengi yameshavunjwa na kujengwa upya. Kwa nini basi mipaka ile bado inaonekana kwa macho?

Wanaochunguza muundo wa miji wana njia ya kulijibu swali hili, nayo ni kuutazama mji kama kitu chenye matabaka ambayo hayazeeki kwa kasi moja. Mmoja wa waliolieleza jambo hili vizuri zaidi ni M.R.G. Conzen, mwanajiografia mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Uingereza, ambaye mwaka 1960 alichapisha uchunguzi wake juu ya Alnwick, mji mdogo wa kaskazini mwa Uingereza. Alionyesha kwamba matumizi ya ardhi hubadilika upesi, majengo hubadilika polepole, na mpangilio wa mitaa pamoja na mipaka ya viwanja hubadilika polepole kuliko vyote. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kugeuza chumba cha kulala kuwa duka kunahitaji rangi na kibao kipya tu, na kuvunja nyumba na kujenga nyingine kunahitaji fedha na uamuzi wa mwenye nyumba mmoja, lakini kuusogeza mtaa kunahitaji ridhaa au fidia ya kila mwenye kiwanja kando yake, pamoja na kuyahamisha mabomba, nyaya na mitaro inayoufuata. Ndiyo maana mstari uliochorwa na mpimaji siku moja unaweza kuishi kuliko nyumba zote zilizojengwa juu yake.

Tuirudie sasa historia ya Dar es Salaam tukiwa na jambo hilo akilini. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kuujenga mji huu katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha wavuvi cha Mzizima, lakini alifariki mwaka 1870 na mji ukadorora. Wajerumani waliufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891, na mwaka huohuo wakatoa kanuni ya ujenzi iliyoanza kuzitenga sehemu za mji kwa kuangalia aina ya nyumba. Kanuni ya mwaka 1914 ikauweka mgawanyo huo katika kanda tatu: ya kwanza kwa nyumba za mtindo wa Kizungu, kuelekea bahari na mlango wa bandari, ya pili, katikati, kwa majengo imara ya biashara na makazi, na ya tatu, upande wa bara, kwa nyumba za kienyeji. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 hawakuufuta mpango huo, bali waliuendeleza.

Kanuni ilizungumzia kuta, mapaa na vifaa vya ujenzi, na katika miaka ya Waingereza, waliokuwa wakiitawala Tanganyika kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, lugha hiyo ya vifaa iliwafaa sana, kwa kuwa iliwawezesha kuwatenga watu bila kuitaja rangi ya mtu. Mwafrika aliyekuwa na fedha za kujenga nyumba ya kiwango kilichotakiwa hakukatazwa kwa maandishi kujenga kanda ya kwanza, lakini mishahara aliyolipwa ilihakikisha kwamba fedha hizo hazipati. Ninaona huu ndio ufunguo wa swali zima, kwa sababu ubaguzi ulioandikwa kwa jina la mtu hufutwa kwa kufuta jina, ilhali ule ulioandikwa kwa ukubwa wa kiwanja na umbali kati ya nyumba na nyumba hukaa ardhini.

Uwazi wa Mnazi Mmoja ni sehemu ya maandishi hayo. Ulisafishwa ili utenganishe makazi ya Waafrika na sehemu nyingine za mji, kwa hoja ya afya, kwani maofisa wa wakati ule waliamini kwamba nafasi tupu ingewakinga Wazungu na maradhi waliyoyahusisha na nyumba za wenyeji. Leo uwazi ule bado upo kati ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed na Mtaa wa Lumumba. Ni mahali pa mapumziko na mikutano, na karibu yake, katika mtaa huohuo wa Lumumba ambao wakati huo uliitwa New Street, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Ardhi iliyoachwa tupu ili kuwatenga watu ikawa jirani ya chama kilichowakusanya. Hata hivyo, umbo lake halikubadilika.

Ng'ambo ya uwazi huo ndiko Kariakoo, ambayo jina lake limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kilichopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Ni mahali pazuri kuliko pote pa kuyaona matabaka ya Conzen yakienda kila moja kwa kasi yake. Mitaa yake, Msimbazi, Kongo, Sikukuu, Narung'ombe, Mchikichi, Aggrey, Swahili na mingineyo, ilipimwa ikakatana kwa pembe mraba, na kati yake vikapangwa viwanja vidogo vilivyolingana. Kila kiwanja kilitosha nyumba moja ya Kiswahili: mlango wa mbele wenye baraza, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na nyuma yake uani penye jiko, choo na mahali pa kufulia. Nyumba hiyo ilikuwa na akili nyingi ndani yake. Mwenye nyumba aliweza kukaa chumba kimoja au viwili na kuvipangisha vilivyobaki, hivyo paa moja likawa makazi ya familia tano au sita zilizotumia uani mmoja, na mgeni aliyefika kutoka bara akapata pa kuanzia maisha ya mjini bila kuhitaji kiwanja chake mwenyewe.

Nyumba hizo sasa zimebaki chache Kariakoo. Mahali pake pamesimama maghorofa, mengine ya ghorofa kumi na zaidi, yenye maduka chini, stoo katikati na vyumba juu. Lakini ukitazama Kariakoo kutoka angani utaona kwamba maghorofa yale ni membamba na yanagusana mabega, kwa sababu mengi yao yamesimama juu ya kiwanja kilekile kilichopimwa kwa ajili ya nyumba ya vyumba sita. Kiwanja hakikukua, ila jengo lilipanda juu na kuumeza uani. Shida nyingi wanazozilalamikia wafanyabiashara wa Kariakoo, kama vile kukosa mahali pa kuegesha magari, mitaro kuzidiwa, na magari ya zimamoto kushindwa kupita, chanzo chake kimojawapo ni kwamba tabaka la juu limebadilika mara kumi na tabaka la chini halijabadilika hata mara moja.

Uhindini panatoa ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na majengo hayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Waliopoteza mali wengi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na wengi wao waliihama nchi. Kwa sheria moja, umiliki wa sehemu kubwa ya katikati ya mji uligeuka. Mtafiti angeweza kutazamia kwamba mageuzi makubwa kiasi hicho yangeacha alama katika umbo la mitaa, lakini hayakuacha. Duka lilibaki chini, roshani ilibaki juu, na jina la Uhindini likaendelea kutumika hata kwa jengo ambalo wapangaji wake wote wametoka Kilimanjaro au Kagera.

Mpango mkuu wa mji wa mwaka 1949 uliupeleka mgawanyo huo nje ya mji wa zamani kwa msamiati mpya. Badala ya kanda za nyumba, sasa palikuwa na maeneo ya ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, yaani wingi wa nyumba katika eneo fulani. Oysterbay na viwanja vyake vipana ilikuwa ya ujazo mdogo, na waliokaa huko walikuwa Wazungu. Upanga ikawa ya ujazo wa kati, nao wakazi wake wakawa hasa wenye asili ya Asia. Ilala, Magomeni na Temeke zikawa za ujazo mkubwa, kwa Waafrika. Baada ya uhuru rangi iliondoka, na nafasi yake ikachukuliwa na cheo na kipato, ila maneno ya ujazo yalibaki ofisini na yanatumika hadi leo. Serikali ilipoanza mradi wa viwanja 20,000 jijini mwaka 2002, viwanja hivyo navyo viligawanywa kwa ujazo.

Wasomaji waliosoma jiografia shuleni watakumbuka mchoro wa duara ndani ya duara aliouchora Ernest Burgess mwaka 1925 kwa kuutazama mji wa Chicago, ambamo biashara hukaa katikati, maskini huizunguka, na wenye uwezo huhamia pembeni. Mchoro huo ulifundishwa kana kwamba unaifaa miji yote. Dar es Salaam haukuifaa. Katika maelezo ya Burgess, duara zinatokana na watu kushindania ardhi sokoni, lakini hapa mipaka ya kwanza ilichorwa na serikali kabla soko halijasema neno, na kisha mji ukakua kama vidole vya mkono, ukifuata barabara nne za Kilwa, Pugu, Morogoro na Bagamoyo, huku mabonde ya mto Msimbazi na vijito vyake yakiachwa kati ya vidole hivyo. Watu waliojenga mabondeni, Jangwani na kwingineko, walifanya hivyo kwa sababu ndiyo ardhi iliyobaki karibu na kazi, na mafuriko huwakumbusha kila mara kwa nini ilikuwa imebaki.

Kuna njia nyingine ya uchunguzi ambayo haitazami viwanja bali njia. Bill Hillier na wenzake wa Chuo Kikuu cha London cha UCL walianza katika miaka ya 1970 kuhesabu ni kona ngapi mtu anazikata ili kutoka mtaa mmoja kufika mitaa mingine yote ya mji. Mtaa unaofikika kwa kona chache huelekea kupitiwa na watu wengi, na penye wapita njia wengi biashara huota yenyewe. Ukiitumia fikra hiyo Kariakoo, mitaa inayokatana kwa pembe mraba inamfikisha mtu popote kwa kona mbili tatu, ilhali rasi ya Msasani, yenye barabara chache za kuingilia na nyingi zisizo na pa kutokea, humlazimu mgeni kurudi alikotoka. Mahali palipopangwa kwa ajili ya watu wasio na kitu ndipo palipopewa, bila kukusudiwa, umbo linalofaa soko kuliko sehemu yoyote ya jiji.

Hayo yote yanahusu mji uliopimwa. Manzese, Tandale, Vingunguti na Buguruni zina hadithi tofauti, na kwa maoni yangu ndiko kwenye maswali makubwa zaidi, kwani sehemu kubwa ya wakazi 5,383,728 waliohesabiwa jijini katika sensa ya mwaka 2022 wanaishi katika makazi ambayo hayakupangwa. Kule mpangilio wa Conzen umepinduka. Nyumba ilitangulia, ikafuatwa na kichochoro kati ya nyumba na nyumba, na mipaka ya viwanja ikaja mwisho. Kwa miaka mingi ramani rasmi zilionyesha maeneo hayo kama doa tupu, hadi wanafunzi wa vyuo vikuu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wakazi wenyewe walipoanza mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, kutembea kichochoro kwa kichochoro wakiandika mitaro, visima, njia na nyumba, na kuziweka taarifa hizo katika ramani iliyo wazi kwa kila mtu.

Hata majina ya huko hayatoki kwa mpimaji. Kituo cha daladala huitwa kwa mti uliokuwepo, kama Mwembechai, au kwa mtu aliyejulikana, kama Kwa Aziz Ali, na hayo ndiyo alama ambazo mkazi humwelekeza mgeni kwazo, si namba ya kiwanja wala jina la barabara. Urasimishaji, yaani kuvipima na kuvitambua kisheria viwanja vya makazi ambayo hayakupangwa, unapofika katika mitaa hiyo, mpimaji hawezi kuleta mistari iliyonyooka bila kubomoa nyumba za watu, kwa hiyo hufuata kilichopo: majirani wawili husimama pembeni ya ukuta, mjumbe akishuhudia, wakaonyesha kwa kidole pale wanapokubaliana kwamba ndio mpaka, na jiwe la mpaka likachimbiwa hapohapo.