Popo kwenye mwembe wa nyumbani: maswali na majibu

Popo wanaokuja usiku kwenye maembe na mikungu ni wa aina gani?

Hapa Dar es Salaam mmojawapo ni Epomophorus wahlbergi, popo wa savana aliyezoea pia miti ya mjini. Ana vidoa vyeupe kwenye mashina ya masikio, na dume ana manyoya meupe mabegani anayoyachanua akiita majike. Hanyonyi damu.

Kaniparura kidogo tu, damu haikutoka. Niende hospitali?

Nenda, leo hii. Meno yake ni membamba, na alama inaweza isionekane kabisa. Ukoo huu wa popo umewahi kukutwa Afrika Kusini na virusi vya Lagos, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa, na chanjo iliyopo ya kichaa cha mbwa haivizuii vizuri. Kwa hiyo usilipue kuosha.

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, ukitazama saa. Siku ya mgao, mtu akumiminie kwa kopo bila kukatiza. Kisha paka ayodini au spiriti. Mafuta ya taa, majivu na dawa ya meno huchoma nyama au kuziba uchafu ndani, usipake.

Hospitalini sema wazi kwamba ni popo. Chanjo huanza siku hiyohiyo, kisha siku ya 3 na ya 7. Daktari ataeleza kama kuna nyingine, na kama unahitaji sindano ya kinga kwenye jeraha lenyewe. Usiache katikati kwa kuwa unajisikia mzima: dalili zikishaanza, tiba hakuna. Mtoto mdogo aliyeamka akakuta popo chumbani naye apelekwe.

Na virusi vya Marburg, vinavyoleta homa kali?

Milipuko ya Kagera ya 2023 na 2025 imewatia watu hofu. Popo anayejulikana kuhifadhi virusi hivyo ni Rousettus aegyptiacus, alalaye mapangoni, siyo huyu wa mwembeni.

Embe lililong'atwa, nikikata upande ule?

Tupa lote. Mate hupenya nyama laini. Zima lioshe kabla ya kumenya.

Kinyesi barazani?

Usikifagie kikavu, vumbi litapanda puani. Kilowanishe kwa maji ya sabuni, vaa glovu na barakoa, kikusanye, kisha pitisha jiki iliyozimuliwa.

Tuwafukize moshi au tukate mti?

Hapana, tunaomba sana. Wakifukuzwa hutapakaa, wengine huanguka, na watoto huwaokota kwa mikono. Popo wa matunda ndio wanaochavusha mbuyu. Chuma maembe yakishakomaa kabla hayajaiva mtini, au yavike mifuko ya karatasi. Wavu wenye matundu makubwa huwanasa, na kumnasua ndipo mtu anapong'atwa.